Maswali ya Wasomaji: Yasujiro Ozu wa Miaka ya Vichekesho

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeitazama Tokyo Monogatari ya mwaka 1953 na machozi yakanitoka. Rafiki yangu ananiambia mwongozaji wake, Yasujiro Ozu, alianza kwa kuchekesha watu. Ni kweli? Aliingiaje kwenye kazi hiyo?

JIBU: Ni kweli kabisa, na anayeijua sehemu hiyo ya maisha yake huziona hata filamu za huzuni kwa jicho jingine.

Ozu alizaliwa Tokyo tarehe 12 Desemba 1903. Mwaka 1923 aliajiriwa na kampuni ya Shochiku kwenye studio yake ya Kamata, akiwa msaidizi wa mpiga picha. Baadaye akawa msaidizi wa Tadamoto Okubo, mwongozaji wa vichekesho visivyo na kichwa wala miguu. Mkuu wa studio tangu 1924, Shiro Kido, alitaka filamu za watu wa kawaida, zenye kicheko na machozi ndani ya mkanda mmoja, na Ozu alikulia humo.

Alipandishwa kuwa mwongozaji mwaka 1927. Filamu yake ya kwanza, Zange no Yaiba, ilikuwa ya enzi za samurai, na mswada wake uliandikwa na Kogo Noda, yuleyule aliyekuja kuandika naye Tokyo Monogatari. Kabla hajaimaliza aliitwa kwenye mafunzo ya jeshi la akiba, na picha za mwisho zikapigwa na mwenzake Torajiro Saito, ambaye jina lake lilikuja kuwa kubwa sana katika vichekesho vya Japani.

Baada ya hapo kazi haikupumzika: filamu 5 mwaka 1928, 6 mwaka 1929, 7 mwaka 1930. Kwa mwendo huo hakuna nafasi ya kusubiri kipaji kishuke. Unajifunza ni sekunde ngapi mtu anatakiwa kusimama kabla hajaanguka, ndipo watu wacheke.

SWALI: Nianzie wapi? Na kwa nini nyingine sizipati popote?

JIBU: Zile 5 za mwaka 1928 zimepotea zote, na Zange no Yaiba nayo haipo, kwa hiyo usipoteze muda kuzitafuta. Mikanda ya wakati ule ilikuwa ya nitreti, inayooza yenyewe ikikaa vibaya na kuwaka moto kwa urahisi. Nakala zilichapishwa chache, zikazungushwa kwenye kumbi mpaka zikachakaa, na mabomu ya vita yakamaliza sehemu ya zilizobaki. Zaidi ya yote, hakuna aliyedhani kichekesho cha wiki iliyopita kina thamani ya kutunzwa.

Baadhi zimeokoka kwa njia ya ajabu. Tokkan Kozo ya 1929, kuhusu mtoto aliyetekwa akawasumbua watekaji wake mpaka wakatamani kumrudisha, ilipatikana kwenye mkanda mwembamba wa milimita 9.5 uliouzwa kwa watu kutazama nyumbani. Matoleo hayo yalifupishwa, kwa hiyo ukiona hadithi inaruka, kosa si la Ozu.

Anza na Rakudai wa Shita Keredo (1930), ya wanafunzi wanaofeli. Mmoja anaandika majibu ya mtihani mgongoni mwa shati, kisha shati linachukuliwa na dobi. Endelea na Tokyo no Korasu (1931), halafu Umarete wa Mita Keredo (1932). Ukizitazama kwa mpangilio huo utaona kicheko kikizidi kuuma.

SWALI: Huko kuuma kunatoka wapi? Mimi naona watoto wawili wanacheza tu.

JIBU: Itazame tena Umarete wa Mita Keredo, sehemu ya ofisini. Kamera inateleza pembeni ya makarani walioketi kwenye meza zao, na kila inayemfikia anapiga miayo. Inampita mmoja ambaye hakupiga. Kamera inarudi nyuma, inamngoja, naye anapiga miayo, ndipo inaendelea na safari. Muda mfupi kabla, kamera ileile imeteleza hivyohivyo mbele ya madawati ya shule. Hakuna aliyesema neno, lakini umeshaambiwa watoto hawa wanaandaliwa kwa ajili ya nini.

Kisha linakuja onyesho la sinema nyumbani kwa bosi wa baba wa watoto hao wawili. Kwenye kitambaa anatokea baba yao, amekunja uso kama kichekesho ili kumfurahisha mkubwa wake. Wageni wanacheka. Ozu anawapa wale ndugu wawili muda, na sisi tunabaki tukiona nyuso zao zikibadilika huku kicheko cha wengine kikiendelea. Kichekesho ni kilekile, anayekitazama ndiye aliyebadilika. Kwa maoni yetu hakuna sehemu bora kuliko hii katika filamu zake zote za bila sauti. Jarida la Kinema Junpo liliichagua kuwa filamu bora ya Japani ya mwaka huo, na Ozu akashika nafasi hiyo tena 1933 na 1934.

SWALI: Nakala yangu watu wanatembea kama wanakimbizwa, na iko kimya. Ni mbovu?

JIBU: Huenda ni mwendo tu. Filamu nyingi za bila sauti zilipigwa kwa fremu (picha moja moja za mkanda) chini ya 24 kwa sekunde, na mwendo haukuwa mmoja. Mkanda wa mita 300 wa milimita 35 unaisha kwa takriban dakika 11 ukiendeshwa kwa fremu 24, na karibu dakika 15 kwa fremu 18.

Kwenye programu ya kuchezea video, shusha mwendo hadi 0.9 kwanza. Angalia mtu anayetembea barabarani na moshi wa sigara. Vikiwa bado vina haraka, nenda 0.8. Usishuke chini ya 0.75, maana hapo mtu anaanguka polepole na kichekesho kinakufa. Nakala nyingine zimesharekebishwa, kwa hiyo tazama kabla ya kugusa chochote.

Ukimya nao ni wa kawaida. Ukumbini kulikuwa na msimulizi, benshi, aliyesimama kando ya kitambaa akisema maneno ya wahusika, pamoja na wapiga muziki. Muziki uliomo kwenye nakala za leo umeongezwa baadaye. Ukikukera, uzime.

SWALI: Kwa nini alichelewa kutumia sauti?

JIBU: Alimuahidi mpiga picha wake, Hideo Mohara, kwamba atautumia mtambo wa sauti aliokuwa akiutengeneza, akamngoja. Hitori Musuko, filamu yake ya kwanza ya hadithi yenye sauti, ilitoka 1936.

SWALI: Na vichekesho aliviacha moja kwa moja?

JIBU: Hapana. Itafute Ohayo ya 1959. Ndugu wawili tena, safari hii wanagoma kuzungumza mpaka wanunuliwe televisheni, na watoto wa mtaa wanashindana kujamba.