Kabla hujawasha logi ya DNS

Mtu akitaka kufungua tovuti, simu yake kwanza huiuliza seva ya majina (DNS): jina hili lina anwani gani? Ukiwasha logi, yaani kumbukumbu ya seva hiyo, swali hilo linaandikwa mstari mmoja: saa, anwani ya IP (namba ya kifaa mtandaoni) ya aliyeuliza, jina aliloulizia. Nasimamia mitandao ya hosteli na ofisi ndogo hapa Dodoma, na mistari hiyo nimeisoma. Saa nane usiku, chumba kimoja Ng'ong'ona, tovuti ya ushauri wa VVU. Baada ya dakika chache, tovuti ya maombi. Hujafungua ujumbe wa mtu, lakini tayari unajua kinachomkosesha usingizi.

Mwenye hosteli mmoja aliniambia, "Fundi, nitolee orodha ya wanavyofungua hawa watoto." Nikamjibu, "Mzee wangu, hizo ni taarifa zao, siwezi kukupa." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisikae kupita muda unaohitajika. Za afya na imani inazihesabu kuwa nyeti.

Wapo mafundi wenzangu wanaosema DNS ni miundombinu tu, sheria zinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo viwango vyake viachwe kwa wahandisi. Siwaungi mkono. Muundo wa pakiti, vile vifurushi vya data, wapange wahandisi, sawa. Lakini nini kirekodiwe, kwa muda gani na nani akione, hapo haki ya mtumiaji lazima iingie tangu kiwango kinapoandikwa, kwa sababu wengi wetu tukishafunga programu hatugusi tena mipangilio. Na inawezekana: RFC 8932, mwongozo wa 2020 wa IETF, jumuiya inayoandika viwango vya intaneti, inawashauri waendeshaji wa DNS wakusanye kidogo. RFC 9156 ya 2021 inaelekeza seva yako iulize seva za mizizi, zile za juu kabisa kwenye DNS, kuhusu .tz tu, isizipe jina zima.

Ukikabidhiwa seva, anza na logi. Kwenye Unbound, programu ya seva ya DNS, hakikisha mpangilio wa log-queries umewekwa "no". Kwenye BIND, programu nyingine ya kazi hiyo, tumia amri ya rndc querylog off. Kukiwa na shambulio, washa, tafuta chanzo, zima, futa. Ukitaka takwimu za matumizi, kata tarakimu za mwisho za anwani ya IP kabla ya kuhifadhi. Kagua na nakala za akiba, maana logi uliyoifuta kwenye seva huenda bado imo humo. Kisha mkataba wako na mwenye jengo utaje wazi nani anaruhusiwa kuiona logi, na kwa sababu gani.