Nimebadilisha jeti zote, bado inatoa moshi mweusi

SWALI: Shikamoo fundi. Nafufua Honda CG125 ya marehemu baba, iliyokaa stoo miaka mingi. Nilinunua seti ya ripea ya kabureta nikabadilisha jeti zote mbili (vile vitundu vya kupimia petroli), sindano ya floti (lile boya la ndani ya bakuli) na gasketi. Inawaka kwa kiki mbili, lakini bila akseleta mlio unapanda na kushuka wenyewe. Nikivuta nusu inakwama na kutoa moshi mweusi. Nikivuta yote inakimbia vizuri na moshi unakata. Plagi nyeusi kama mkaa. Asubuhi nakuta tone la petroli chini yake. Fundi mmoja anasema nipunguze jeti kubwa, mwingine anasema nitupe kabureta niweke ya bodaboda. Nimsikilize nani? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Jeti kubwa usiiguse. Yenyewe inatawala kuanzia robo tatu ya akseleta hadi mwisho, na huko umesema mwenyewe pikipiki haina shida. Ukiipunguza utaharibu sehemu pekee iliyo nzima, injini ikimbie kwa njaa ya petroli na kuchemka bure. Filta ya hewa nayo siishuku sana, maana filta iliyoziba huonyesha ubaya wake zaidi unapovuta yote.

Tatizo la seti za ripea ni kwamba zinakupa vitu rahisi kutengeneza, si lazima vitu vilivyochakaa. Jeti haina kinachoisugua. Inaziba, inaota kutu ya kijani, lakini kulika kwake ni nadra, isipokuwa mtu awe ameichokonoa kwa waya. Kinacholika ni vyuma vinavyosuguana kila ukivuta akseleta: slaidi, yaani ile pistoni ndogo inayopanda na kushuka, sindano ndefu inayoning'inia chini yake, na tundu la shaba ambamo sindano hiyo inapita.

Kati ya robo na robo tatu, petroli hupita kwenye kinafasi chembamba kati ya sindano na tundu lake. Injini ikitetemeka miaka yote hiyo, sindano inalisugua tundu mpaka duara linakuwa yai. Kinafasi kikiongezeka hata kwa unene wa unywele, petroli inazidi. Ndiyo sababu moshi wako uko katikati tu: mwishoni sindano imeshainuliwa juu na kipimo kinabaki kwa jeti kubwa.

Ila kabla ya sindano ndefu, malizana na lile tone. Petroli ikizidi kimo kwenye bakuli, vipimo vingine vyote vitakudanganya. Fungua kabureta (tumia bisibisi ya nyota inayokaa barabara, skrubu za Kijapani zinaliwa vichwa upesi), igeuze juu chini ili uzito wa floti ufunge sindano yake, kisha puliza kwa mdomo kwenye mrija wa kuingizia petroli. Hewa ikipita, haifungi. Umeweka sindano mpya, sawa, lakini inakalia kiti kilekile cha zamani, na kwenye kabureta nyingi za aina hii kiti kimegongewa ndani, hakibadilishwi. Kisugue taratibu kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti pamoja na dawa ya kung'arishia shaba, kisha osha vizuri. Usithubutu kuweka dawa ya kusagia valvu. Itikise na floti sikioni. Ukisikia petroli ndani, imetoboka. Halafu nusa kijiti cha oili. Kikinuka petroli, imeshuka hadi kwenye injini, basi mwaga oili yote uweke mpya kabla hujapiga kiki nyingine.

Sasa sindano ndefu. Ichomoe, pitisha ukucha juu yake kutoka juu kwenda chini. Ukikwama mahali, au ukiona mkanda unaong'aa upande mmoja, imelika. Tundu ni gumu kuliona kwa macho, kwa hiyo tumia hila hii. Kama sindano yako ina mifereji ya klipu, sogeza klipu mfereji mmoja juu. Sindano inashuka na petroli inapungua. Zungushia utepe kwenye mkono wa akseleta, chora alama za robo, nusu na robo tatu, kisha jaribu barabarani injini ikiwa ya moto. Moshi ukipungua, uko njiani. Klipu ikifika mfereji wa juu kabisa na moshi bado upo, tundu limeshakuwa yai. Nunua sindano na tundu lake kwa pamoja; kubadilisha kimoja ni kupoteza hela. Hakikisha pia kibao cha choki kinafunguka chote. Nimewahi kuhangaika siku nzima na kabureta ambayo choki yake ilikuwa inarudi nusu, na mwenye pikipiki kanikalia pembeni ananitazama.

Mlio kupanda na kushuka ni jambo jingine: hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Toa mpira wa filta, ingiza kidole, tikisa slaidi. Kupwaya kidogo ni kawaida, ikigonga ka-ka-ka imekwisha, na upande wa injini ndio hulika zaidi kwa sababu injini inaivuta huko. Mara nyingi lakini kosa liko kwenye uso unaobana kabureta na injini. Nati mbili zikikazwa kwa nguvu za hasira, masikio ya alumini yanapinda. Weka rula juu ya uso huo, tazama mwanga. Ukipita, sugua kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo, kisha weka oringi mpya. Baada ya hapo ndipo uguse skrubu ya hewa, ukianzia mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipofungwa.

Na zile jeti za zamani, natumaini hujazitupa. Zisafishe kwa uzi wa mshipi wa kuvulia, zirudishe. Namba iliyogongwa kwenye jeti ya bei nafuu si ya kuaminiwa.

Kuhusu kabureta ya bodaboda: injini nyingi za bodaboda za Kichina zimenakiliwa kutoka CG hiyohiyo ya mwaka 1976, hivyo mara nyingi inafungika. Mimi nisingeiacha humo, lakini ni kipimo kizuri. Azima ya jirani iliyo nzima kwa nusu saa. Moshi ukikata, ugonjwa uko kwenye kabureta yako. Usipokata, achana na kabureta, anza upya kwenye plagi, koili na valvu.