Posdoki za maabara za taifa: fungueni mafaili yenu kwanza

Wadogo zangu wa Mwanza, nimesoma rasimu nyingine ya maombi ya posdoki (kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD) kwenye maabara za taifa za Marekani, nikachoka. Ukurasa mzima ni dagaa, sangara na magugu maji. Modeli yenyewe ya mikondo ya ziwa imepewa mstari mmoja: "Nina uzoefu na kompyuta kuu." Uzoefu gani, baba? Ziwa tunalipenda sote. Argonne, mojawapo ya maabara hizo, wanataka kujua programu yako inafanyaje ukiiongezea nodi, yaani kompyuta moja moja zinazounda kompyuta kuu.

1. Angalia PhD yako ni ya lini. Posdoki ya Alvarez kwenye maabara ya Berkeley, kwa mfano, inataka uwe umeipata ndani ya miaka 3. Nafasi nyingine ni za raia wa Marekani tu, kwa hiyo soma tangazo mpaka chini kabla ya kuwasumbua walimu kwa barua.

2. Frontier, kompyuta kuu ya maabara ya Oak Ridge, ilivuka hesabu bilioni bilioni kwa sekunde mwaka 2022, na kasi hiyo karibu yote ni ya GPU, chipu zinazopiga hesabu nyingi kwa pamoja. Kama msimbo wako unajua CPU, chipu ya kawaida, peke yake, sema hivyo, kisha eleza utauhamishaje.

3. Grafu ya kasi. Hapa nikae kidogo, maana paliniumiza.

Nilifanya usaili mtandaoni, nimejifungia chumbani Nyegezi, feni nimezima isipige kelele. Nikaonyesha grafu: kutoka nodi 1 hadi 16, kasi imepanda mara 21. Nikaipita kwa madaha. Mama mmoja kwenye jopo akauliza, kwa upole kabisa, hizo mara 21 zimetoka wapi, maana kwa nodi 16 kwa kawaida hutegemei kuzidi mara 16. Nikajibu, "Kashe." Si jibu la kijinga: kashe ni kumbukumbu ndogo yenye kasi iliyo kwenye chipu, na gridi ya modeli ikigawanywa, kipande cha kila nodi kinaweza kuenea kwenye kashe. Akauliza kipande changu kina megabaiti ngapi. Kimya. Akaomba nifungue mafaili ya mipangilio. Kwenye nodi 1, programu ilikuwa inaandika matokeo diskini kila saa ya modeli. Kwenye nodi 16 uandishi ule, unaokula muda, umezimwa. Na niliuzima mwenyewe, usiku, kwa sababu nafasi yangu diskini ilikuwa imejaa! Grafu ilipotoka imependeza, nikaona nani aichokonoe. Wakanishukuru kwa adabu zote. Nafasi akapewa mwingine, na kwa haki.

4. Usiendeshe kazi kwenye nodi ya kuingilia, ile ya pamoja ambayo watu wote hupitia kuingia kwenye kompyuta kuu. Jamani!

5. Ukiomba ufadhili wa Margaret Butler pale Argonne, ujue Butler ni nani: aliandika programu za kompyuta za mwanzo kabisa za maabara hiyo, miaka ya 1950.

6. Mwandikie mtafiti unayemtaka hata kama hakuna tangazo. Nafasi za vikundi vya utafiti hutoka mwaka mzima. Barua fupi, grafu moja. Mkitaka niipitie, nitumieni kabla ya Jumamosi. Jumamosi niko Kirumba kwenye mpira na simu sipokei.