Mtambo ukizima ukiwa juu: Carpenter na Cooper kwa wanaoanza kazi

Mnaoanza urubani au ufundi wa mitambo, zisomeni pamoja safari mbili za mpango wa Mercury, wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu angani: ya Scott Carpenter ya Mei 1962, na ya Gordon Cooper ya mwaka uliofuata. Chombo ni cha aina moja. Mkifika kwenye maandishi ya mazungumzo ya redio, msishangae kuikuta Zanzibar: kituo kimoja cha mawasiliano kilikuwa Tunguu, Unguja.

Anzeni na Carpenter. Ili kurudi duniani, chombo kilitakiwa kiinamishwe nyuzi 34, kisipinde kulia wala kushoto, ndipo roketi tatu za breki ziwake. Carpenter alikuwa amechelewa kujiandaa kwa kuangalia chembe zinazong'aa nje ya dirisha. Uongozaji wa otomatiki ukamsumbua, akashika mwenyewe, ila hakufunga mfumo mmoja kabla ya kufungua mwingine. Yote miwili ikawa inakula mafuta.

Roketi zikawaka chombo kikiwa kimepinda nyuzi 25 kulia. Alipitiliza mahali pa kutua kwa kilomita 400 hivi, na mgawanyo wake ndio wa kukaa nao: kupinda kulileta kama 280, roketi kuwa na nguvu pungufu kama 95, na kuchelewa sekunde 3 kama 25 tu. Mgeni wa kazi hukodolea saa macho. Angalia mwelekeo kwanza.

Sasa Cooper, aliyeruka na chombo cha Faith 7 tarehe 15 Mei 1963 kwa mizunguko 22, zaidi ya saa 34. Mzunguko wa 19 iliwaka taa ya kusema chombo kimeanza kuingia angahewani, na wala hakikuwa kimeanza. Taa yenyewe haina neno. Ubaya ni kwamba ishara ile ile huuambia mtambo wa otomatiki kuwa hatua ya kujipanga kwa breki imeshapita. Kwa hiyo taa ikiwaka, usiulize tu kama inasema kweli. Uliza ni nini kingine kimeisikia.

Mzunguko wa 21 umeme wa uongozaji wa otomatiki ukakatika kabisa, na hewa chafu ikawa inapanda. Mwanaanga mwenzake John Glenn, akiwa melini karibu na Japani, alipitia naye hatua mpya moja moja kabla ya wakati wake, kisha akamhesabia sekunde. Cooper alilinganisha upeo wa macho na mistari ya dirishani, akatumia saa ya mkononi, akakishikilia chombo kwa mkono roketi zikiwaka. Alitua kilomita 7 hivi kutoka meli ya USS Kearsarge.

Chanzo? Unyevu kwenye viunganishi vya umeme. Fundi mpya hukimbilia kifaa kikubwa cha bei. Chomoa plagi kwanza, itazame kama ina maji au kutu.

Ila msimwige Cooper kwa kila kitu. Baada ya kuruka na Gemini 5 mwaka 1965 aliwekwa kamanda wa akiba wa Apollo 10, mojawapo ya safari za kwenda Mwezini, lakini Deke Slayton, aliyewapangia wanaanga safari, aliona hajitumi mazoezini. Nafasi aliyoitarajia ya kuongoza safari ya Apollo ya baadaye akapewa Alan Shepard, ambaye hakuwa ameruka tangu 1961. Cooper aliondoka NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1970.