Hakuna "fainali bora ya saba"

SWALI: Nafuatilia besiboli ya Marekani kwenye tovuti za michezo za Kiswahili. Baadhi wanaandika "fainali bora ya saba", wengine "bora kati ya saba". Ipi ni sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Zote mbili zitupwe. Ukiniambia "fainali bora ya saba", nitaelewa kwamba fainali zote zimepangwa kwa ubora na hii imeshika nafasi ya saba. "Bora kati ya saba" nayo inanipeleka kutafuta mechi moja iliyonoga kuliko nyingine sita. Bingwa anapatikanaje? Hakuna aliyenijibu.

Andika hivi: "Bingwa ni timu itakayotangulia kushinda mechi nne." Saba ni kikomo tu, kwa sababu timu zikifungana tatu kwa tatu, mechi ya saba ndiyo mwamuzi. World Series, yaani fainali ya besiboli ya Marekani, ilipochezwa mara ya kwanza mwaka 1903, kikomo kilikuwa mechi tisa, na Boston ilitwaa ubingwa kwa kuishinda Pittsburgh mechi tano kwa tatu. Kikomo huwa namba witiri: ongeza moja, gawa kwa mbili, umepata idadi ya kuandika. Mashindano yenyewe yaite mfululizo, kutokana na kitenzi fululiza. Wapo wanaolikataa neno hilo kwa kuwa timu hupumzika siku moja zinaposafiri. Siku moja ya safari haiondoi mfululizo.

Lakini kuna kosa baya zaidi ya hilo "bora", nalo ni "jumla". Kila mfululizo ukiisha, mtu anaandika: "Wameibuka mabingwa kwa jumla ya mabao 4-3." Mabao gani? Hiyo ni hesabu ya soka la nyumbani na ugenini, ambako mabao ya mechi mbili hujumlishwa. Katika besiboli hakijumlishwi kitu. Kila mechi ikiisha, mikimbio yake, yaani pointi za besiboli, imekwisha kazi, na kinachobaki ni nani kashinda.

Chukua World Series ya mwaka 2016, Chicago Cubs na Cleveland. Cleveland ilishinda ya kwanza 6-0, Cubs wakajibu 5-1. Cleveland ikachukua mbili mfululizo, 1-0 na 7-2, ikawa imeshinda tatu dhidi ya moja. Cubs wakashinda 3-2, kisha 9-3, na ya saba 8-7. Sasa jumlisha kama wanavyotaka waandishi wetu. Cubs: mikimbio 27. Cleveland: mikimbio 27! Kwa hesabu ya "jumla", mfululizo ule ulikwisha sare na hakuna bingwa. Cubs, waliokuwa hawajatwaa ubingwa tangu mwaka 1908, wangerudi Chicago mikono mitupu. Walishinda kwa sababu moja tu: walifikisha mechi nne.

Na hiyo "4-3" ni mtego mwingine. Msomaji aliyeikosa mechi ya mwisho ataamini hayo ndiyo matokeo yake, kumbe ilikwisha 8-7. Namba yenye kistari iache kwa ajili ya mikimbio ya mechi moja. Ya mfululizo iandike kwa maneno: "Cubs waliishinda Cleveland mechi nne kwa tatu, ya mwisho ikiisha 8-7." Sentensi moja, hakuna wa kuchanganyikiwa.

Mechi hiyohiyo iliandikwa kwamba iliamuliwa "katika muda wa nyongeza". Muda upi? Besiboli haichezwi kwa saa. Huchezwa kwa awamu tisa, na katika kila awamu timu zote mbili hupata zamu ya kupiga. Baada ya awamu ya tisa walikuwa 6-6, kwa kuwa katika ya nane Rajai Davis wa Cleveland alipiga mpira ukavuka uzio na kuleta mikimbio miwili ya kusawazisha. Ikaongezwa awamu ya kumi. Kabla haijaanza, mvua ilisimamisha mchezo kwa dakika 17, nazo hazikuwa za nyongeza: mpira haukuchezwa. Ben Zobrist akapiga pigo lililoitanguliza Chicago, Miguel Montero akaongeza mkimbio mwingine, na Cleveland ikapata mmoja tu. Andika "awamu ya ziada".

"Walilazimisha mechi ya saba" nalo ni zigo la kigeni. Sema walisawazisha, tatu kwa tatu, ikabidi ya saba ichezwe.

Utaniuliza kuhusu "kupindua meza", maana Cubs walitoka nyuma. Sikulipenda, nimelipiga vita, na sasa nalisikia hadi kwa watoto wanaocheza mtaani. Limeshaota mizizi, litumie ukitaka. "Kupindua matokeo" lingetosha kabisa.