Mbio za milima mwisho wa baridi: chunga mteremko

Mwaka wa kwanza nilipojiandikisha mbio za kilomita 30 zenye milima, zile za baridi inapoelekea ukingoni, hofu yangu yote ilikuwa kupanda. Nje kulikuwa na barafu, hivyo nilijifungia ndani na mashine ya kukimbilia, nimeiinua mbele kama kilima, nakimbia mpaka jasho linadondoka sakafuni. Siku ya mbio nilipanda vizuri sana. Kilichonimaliza ni kushuka. Kila mteremko niliachia miguu, nikawa nawapita watu, nikadhani nimepata dakika za bure. Kufika kilomita ya 24 mapaja yamekuwa magumu kama mbao. Mteremko wa mwisho niliushuka kwa kutembea, nimeshikilia uzio wa barabara, na kwa siku mbili baadaye nilishuka ngazi kinyumenyume.

Ukipanda, misuli ya mbele ya paja hufupika inapokusukuma. Ukishuka, hujikaza huku inavutwa irefuke, maana ndiyo breki yako. Kazi hiyo haikatishi pumzi, na hapo ndipo inapodanganya wengi: kifua kimetulia, kumbe nyuzi za misuli zinachanika kidogo kidogo. Mashine nyingi za ndani hupandisha tu, hazishushi. Unaweza kumaliza majira yote ya baridi ukiwa na mapafu imara na mapaja yasiyojua lolote.

Bahati nzuri misuli hujifunza upesi. Ukiizoesha mteremko ikauma, ikapona, safari ya pili haiumi sana kama ya kwanza, na kinga hiyo hukaa wiki kadhaa. Kwa hiyo mwaka uliofuata nilitafuta mteremko wa wastani uliokwisha kusafishwa theluji, urefu kama mita 400. Nilianza wiki nane kabla ya mbio, mara moja tu kwa wiki: nashuka mara nne, narudi juu kwa kutembea. Taratibu nikafika mara nane. Zoezi la mwisho nililifanya wiki mbili kabla, ili miguu ipate kupumzika. Ukiniuliza zoezi gani usiliache hata kama muda umekubana, nitakutajia hili.

Unaposhuka, sikiliza nyayo zako. Zikipiga lami pu! pu! ujue unatupa mguu mbele na kujizuia kwa kisigino. Fupisha hatua, ongeza wepesi, mguu utue chini ya kiuno, mwili usirudi nyuma. Sauti itabadilika yenyewe, iwe nyepesi na ya harakaharaka. Unapopanda, achana na saa ya mkononi; kama huwezi kutamka sentensi fupi, punguza.

Kuhusu hali ya hewa, theluji iliyoyeyuka mchana huganda tena usiku, na asubuhi barafu hubaki kwenye madaraja na upande wa mlima usiopata jua. Hapo usigeuze mwili ghafla. Vaa kiasi kwamba unasikia baridi kidogo pale mwanzoni. Mimi huvua glovu nikipanda na kuzivaa tena kabla ya kufika kileleni, kwa sababu juu kuna upepo na fulana imelowa jasho. Vidole vikishakufa ganzi hata kufungua pakiti ya jeli, ile ya kuongeza nguvu njiani, ni kazi. Jeli yenyewe iweke karibu na mwili, ikipata baridi inakuwa nzito. Tena baridi huficha kiu, kwa hiyo kunywa kwa mpango, usingoje koo likauke.

Mwaka ule wa pili, kwenye mteremko uleule wa mwisho, mapaja yaliuma lakini yalitii. Nilipita kando ya ule uzio nikikimbia, mikono imelegea, nyayo nikizisikia nyepesi mpaka chini. Sasa zimebaki wiki sita kwa mbio za mwaka huu. Kesho asubuhi narudi mteremkoni, mara tano.