Bega Linalotoka Kila Mara: Je, Nikipasuliwa Nitacheza Baada ya Miezi Miwili?

Swali: Daktari, nina umri wa miaka 20 na ninacheza raga. Bega langu la kulia limeteguka mara nne tangu mwaka jana. Mara ya mwisho lilitoka nikivua jezi. Mkandaji wa timu hulirudisha, na maumivu huisha baada ya siku chache. Nikifanyiwa upasuaji sasa, nitaiwahi ligi inayoanza miezi miwili ijayo?

Jibu: Hutaiwahi, kijana wangu, na bega linalotoka kwa kuvua jezi halifai kuingia uwanjani hata leo. Lakini kilichonikera katika swali lako ni huyo mkandaji, kwa maana haipiti wiki bila kumpokea mchezaji anayeamini kwamba mfupa ukisharudi mahali pake, bega limepona.

Tundu la bega halina kina. Ni kama kisahani kilichobeba mpira, na kinachouzuia mpira usiporomoke ni ukingo wa gegedu uliolizunguka tundu, pamoja na kano zilizoshikana nao. Bega linapotokea mbele, kama yanavyotoka mengi, ukingo huo hubanduka kwenye mfupa, jeraha ambalo hadi leo huitwa kwa jina la Bankart, daktari Mwingereza aliyelieleza mwaka 1923. Kuuvuta mkono hurudisha mfupa tu. Ukingo hubaki umebanduka. Tena kila linapotoka, kichwa cha mfupa wa mkono hubonyea kwa nyuma, na mfupa wa mbele wa tundu humegeka kidogo kidogo. Ndiyo maana safari hii jezi ilitosha.

Kiasi kilichomegeka ndicho kinachoamua upasuaji wako. Mfupa ukiwa bado mzima, tunaingia kwa kamera na kuushona ukingo wa gegedu kwa nanga ndogo, yaani vipini vinavyopachikwa kwenye mfupa kushikilia uzi. Ukiwa umemegeka kiasi cha asilimia 20 hivi ya upana wa tundu, kushona peke yake hakumtoshi mcheza raga. Tunahamisha kipande cha korakoidi, ncha ya mfupa wa bega inayochomoza mbele, pamoja na kano zake na kukifunga kwa skrubu mbele ya tundu, njia aliyoieleza Latarjet wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1954. Kwa hiyo kapige kwanza picha ya CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha mfupa kwa undani; tarehe tutazungumza baadaye.

Baada ya upasuaji mkono huning'inizwa kwa kitambaa wiki tatu hadi sita, kisha hufuata fiziotherapia, na kukabana na wenzako kwa kawaida husubiri miezi minne hadi sita au zaidi. Hata hapo siangalii kalenda peke yake. Nitauinua mkono wako kama wa mtu anayetaka kurusha mpira, niusukume nyuma polepole, huku nikikutazama usoni: anayekunja uso kabla hajaumia, bega lake bado halijakaa, hata kama ananyanyua vyuma kuwashinda wenzake.

Mkandaji anayevuta bega pembeni mwa uwanja hajui kama mfupa umevunjika, na mara nyingi hagusi ngozi ya nje ya bega kuona kama imekufa ganzi, dalili kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha msuli wa bega umevutwa au kubanwa. Nimeona wachezaji walioletwa wiki kadhaa baadaye, bega limesinyaa upande mmoja, mkono haunyanyuki. Wabaya zaidi ni wale wanaomdunga mchezaji sindano ya ganzi ili amalize mechi, na makocha wanaowafungulia mlango.